Onyesha Mkono Kwanza

Mutheu, siku yangu ya mwisho pale saluni Malili uliniuliza swali na sikukujibu. Wageni walikuwa wamejaa, keki ilikuwa inakatwa, na mchungaji alikuwa bado hajamaliza kunisifu. Ulitaka kujua kwa nini Mama Munyao wa Kilungu alikaa kwenye kiti chako, akakutazama mkono, akavua taulo shingoni, akaenda zake bila kuoshwa uso. Ulidhani umemkosea adabu. Hukumkosea. Wiki hii yote nimekaa nyumbani, mtu aliyestaafu asiyejua saa nne asubuhi hufanywa nini, na nimeona heri nikuandikie wewe na wasichana wawili uliobaki nao. Nitaanza mbali kidogo, lakini nitafika kwa Mama Munyao na mkono wako.

Habari za mshahara sitazigusa. Vyeo pia sina la kusema. Katika saluni yangu nilikuwa mkurugenzi, karani na mfagiaji, na kati ya hao watatu aliyejua kazi yake vizuri ni mfagiaji.

Nilianzia Kitui mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa Mama Kavata. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na ulikifikia kwa kupita uani kati ya kuku. Vifaa vyote vya kazi vingeingia katika kikapu kimoja: jiko la makaa, machanuo mawili ya moto, beseni la bati, taulo sita, spiriti, pamba, glisalini, na chupa ya asali ya Mwingi ambayo alisema ni dawa ya ngozi kavu na ya njaa ya saa kumi. Mimi nilifika nimevaa viatu vya kisigino kirefu na poda nimejipaka mpaka masikioni, ili aone kwamba naijua kazi. Alinielekeza kwenye beseni.

"Nenda ukanawe," akasema. "Hapa tunashughulika na nyuso, na yako siioni."

Mwezi wa kwanza nilifua taulo. Wa pili nilifua taulo na kuwasha jiko. Mteja wa kwanza niliyeruhusiwa kumgusa alikuwa mama mzee aliyetaka kukatwa kucha, na Mama Kavata alisimama nyuma yangu kama askari wa benki. Lakini kulikuwa na jambo moja nililoliona tangu wiki ya kwanza, nikalidhania ni wazimu. Kila kitu kipya kilichoingia mle chumbani, hata sabuni, alikipaka kwanza kwenye mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Alilala nacho usiku mmoja, wa pili na wa tatu. Siku ya nne alikunja mkono wa gauni, akatoka uani na ungo wa ndengu, akakaa juani akichambua kuanzia saa nne mpaka saa sita. Ngozi isipolalamika, basi hicho kitu kimeajiriwa. Ikilalamika, anakitupa chooni, na mkono unabaki na doa lake. Alikuwa na madoa mengi, mengine meusi, mengine meupe, na mengine aliyajua kwa majina ya viwanda.

Nilimuuliza usiku tatu naelewa, lakini jua la nini.

"Kwa sababu mteja wangu haishi kabatini," akasema.

Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya wasichana, mtoto mzuri, na krimu ya kopo la dhahabu aliyonunuliwa na mchumba. Alitaka tumsinge nayo siku hiyohiyo kwa kuwa Jumamosi alikuwa anakwenda kuonyeshwa kwa wakwe. Mama Kavata akachota kidogo kwa kidole, akamwambia arudi siku ya nne. Mwalimu alinung'unika, akasema Nairobi hakuna mambo kama hayo. Aliporudi, Mama Kavata alikunja tu mkono wa gauni. Malengelenge yalikuwa yamepangana pale kama punje za mahindi. Mwalimu aliketi akalia, na mpaka leo sijui alikuwa anaulilia mkono au mchumba.

Baadaye nilikwenda chuo Nairobi, nikafundishwa majina ya mifupa ya uso, nikafanya mtihani, nikapata cheti na leseni yenye muhuri. Nilimpelekea Mama Kavata aione. Aliisoma yote, akaigeuza kutazama kama kuna kitu kimeandikwa nyuma, akanirudishia.

"Na mkono?" akauliza.

Nilifungua Malili miaka ya sabini ikielekea kwisha, kwa sababu barabara kuu inapita pale na watu wa Kilungu hushukia pale siku ya soko. Nyinyi mmekuta maji ya bomba. Mimi nilinunua maji ya punda, na punda mwenyewe alikuwa anakuja siku anazotaka. Wateja walikuja kabla ya harusi, kabla ya harambee, na kabla ya picha za kitambulisho. Wanaume walikuja pia, ila hawakuja kutengenezwa. Walikuja kuuliza saa. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Nuu aliniulizia saa mara tatu kabla ya kukiri kwamba vipele vya ndevu vinamtesa. Nilimhudumia nyuma ya pazia, na viatu vyake vya matairi akataka navyo vifichwe, kwa kuwa soko zima liliyajua matairi yale.

Hapo ndipo ilipokuja barua ya maonyesho. Maonyesho ya urembo, katika hoteli kubwa Nairobi, kwa wenye leseni peke yao. Wasichana, nimewasimulia habari za maonyesho mara nyingi kuliko habari za wokovu wangu, lakini sikuwahi kuwaambia ukweli wake, kwamba sikwenda kujifunza. Nilikwenda kula.

Mlangoni msichana mwenye kucha nyekundu alinipachika beji kifuani: Mtaalamu wa Ngozi. Mimi niliyekuwa nimekamua mbuzi alfajiri ile. Halafu nikapewa mfuko. Ndani kulikuwa na visabuni, vichupa vya losheni vya kadiri ya kidole gumba, kalamu, kalenda, kitana, na karatasi nyingi ambazo hakuna aliyezisoma. Nikakalishwa kwenye kiti kinacholala, nikasingwa uso bure na mama wa Kizungu, nikakoroma mbele ya watu. Chakula cha mchana kilikuwa na kuku, samaki, wali wa rangi mbili, na pudini iliyokuwa inatetemeka yenyewe. Mtaalamu mwenzangu kutoka Nyeri, mama mmoja mnene mwenye heshima zake, alikuwa amekuja na mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, na alipanga sambusa mle kwa ustadi ambao hakuuonyesha katika zoezi la nyusi. Hotuba zilikuwepo asubuhi na alasiri. Sikumbuki hata moja. Pudini naikumbuka.

Niliporudi nyumbani, beji sikuivua kwa wiki mbili. Nilikwenda nayo kwenye mashine ya kusaga, nikapishwa mbele. Nilikwenda nayo kanisani, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa dada yetu aliyerudi salama kutoka mkutano wa madaktari. Sikumsahihisha, maana katikati ya maombi si adabu kumkatiza mtu. Jumatatu yake mzee mmoja aliniletea ng'ombe mwenye ukurutu niutazame. Nikautazama. Beji ilikuwa kifuani, ningesema nini? Nilimwambia ampumzishe, na ng'ombe akapona, jambo lililozidi kuniharibu.

Kwa hiyo nilikwenda kila mwaka. Mama yangu alibebea mihogo katika mifuko iliyoandikwa Kifaransa. Wateja wangu walizoea vichupa vya bure, nami nilizoea kuvigawa kama mtu mwenye navyo. Na mkono? Miaka ya mwanzo niliupaka, siku tatu za usiku na moja ya jua, kila kichupa. Habari za mkono wa Mama Kavata ndizo zilizokuwa sifa yangu. Kila mteja mpya nilimsimulia, ndengu, ungo na vyote, mpaka wateja wa zamani wakawa wananimalizia. Halafu vichupa vikazidi. Nikawa napaka viwili usiku mmoja. Halafu nikawa nanusa tu.

Mama Kavata alifariki, na hakubaki mtu wa kuniuliza.

Mwaka uliofuata, palitokea jukwaani bwana wa koti jeupe. Ilikuwa miaka ya themanini na kitu, wakati kila mtu alikuwa anauza weupe. Huyu alijiita Daktari. Mama wa Nyeri alipomuuliza daktari wa nini, alijibu kwamba ni daktari wa bidhaa, na ukumbi ukaandika hivyo. Alikuwa na krimu mpya ya kung'arisha, kopo la bluu, na mashine ya kuonyesha picha ukutani: uso wa mwanamke, nusu usiku nusu mchana. Alichota krimu akaipitisha kwenye meza zetu tuinuse. Mkononi alikuwa amevaa glavu. Hilo nililiona, Mutheu, naapa. Nilikuwa natafuna keki.

Aliniita pembeni baada ya chakula. Alitaka mwakilishi wa Ukambani wote, kuanzia Kitui mpaka barabarani kwetu. Maonyesho yajayo mwakilishi atakaa meza ya mbele, yenye kitambaa cheupe, kwenye kiti chenye jina lake. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: nitafute wanawake kumi na wawili, niwapige picha kabla, niwapake miezi miwili, niwapige picha baada. Nilirudi Malili nikikiona kile kiti kila nikifumba macho.

Wanawake niliwapata Kilungu kwa urahisi ulionishangaza. Mnakijua kikundi cha Mama Munyao, mwethya wa kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa juu ili mvua isiuchukue, kwenye yale mashamba ya mlimani. Leo wanachimba kwa fulani, kesho kwa fulani, wote pamoja mpaka kila shamba limepata zamu. Wakati ule walikuwa kumi na wawili kamili na Mama Munyao ndiye mwenyekiti, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, filimbi shingoni. Nilimwambia nataka kuchagua wenye ngozi laini.

"Mwethya hauchaguliwi," akasema. "Tunapaka sote au hapaki mtu."

Nilifurahi moyoni, maana hesabu yangu ilikuwa imetimia papo hapo. Wao nao walikuwa na sababu yao. Mwezi wa tisa mgeni mkubwa alikuwa anakuja kufungua tangi lao la maji, na mpiga picha wa gazeti angekuwepo. Mama Munyao aliniuliza jambo moja tu, kama nimeipima mkononi kama Mama Kavata. Nikasema nimeipima.

Nilikuwa nimeipima usiku mmoja. Asubuhi mkono ulikuwa laini, unang'aa, mzuri ajabu. Usiku wa pili nikaona leseni inatosha kuwa usiku wa pili, na beji ikawa wa tatu. Jua ndilo halikuwepo kabisa. Ilikuwa Julai, Kilungu imefunikwa na ukungu mpaka mchana, watu wanavaa masweta. Nikajiambia jua lisipokuwepo halihitaji kupimwa. Huo ndio upumbavu wangu wote, nimeuandika kwa urefu wake halisi.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za sifa tupu. Mpiga picha wa Malili alikuwa amewasimamisha mbele ya ukuta wa shule kabla sijafungua kopo, nami nikazituma picha Nairobi. Nyuso ziling'aa. Kila Ijumaa nilipanda na kopo, nikawapaka mmoja mmoja, nikipewa uji na ndizi. Baba Munyao, ambaye alikuwa hajanyoa tangu uhuru, alianza kunyoa. Wanawake wa vikundi vingine waliniuliza zamu yao lini.

Agosti ikafikia mwisho, ukungu ukaondoka, na mwethya ukatoka kuchimba.

Nililetewa habari na mchuuzi wa nyanya. Alisema tu, "Kina mama wanakuita, na wamesema uje kwa miguu yako mwenyewe." Nilipanda kijia cha mlimani siku hiyohiyo. Niliwakuta shambani kwa mmoja wao, mtaro umefika kiunoni, kila mtu ameshika jembe au sepetu, na vitambaa vya kichwa wamejifunika navyo uso, wakaacha macho tu. Hakuna aliyeimba. Mwethya bila wimbo sikuwa nimewahi kuuona. Mama Munyao alitoka mtaroni, akafungua kitambaa.

Mashavu yalikuwa yamebambuka. Chini palikuwa pekundu, pembeni pamekuwa peusi, na chini ya jicho la kushoto ngozi ilikuwa imevimba mpaka jicho halifunguki vizuri. Wengine wakafungua vyao. Sikuweza kutazama wote kumi na wawili. Nilitazama miguu yao.

"Mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu. "Mwaitu, nisamehe."

"Onyesha mkono," akasema.

Nikakunja mkono wa gauni. Ulikuwa safi.

"Usiku ngapi?"

"Mmoja."

"Na jua?"

Nikaushusha mkono wa gauni. Hakuna aliyenitukana, na ningeshukuru kama wangenitukana. Nilisema nitatoa mbuzi kwa kila mmoja. Mama Munyao akatikisa kichwa.

"Mbuzi tutamla siku moja," akasema. "Huu uso nalala nao, naamka nao. Tulipopaka tulipaka sote, hivyo ndivyo mwethya ulivyo. Lakini nikihesabu, naona mmoja wetu hakupaka."

Alichukua kopo kutoka kwenye kikapu changu, akaliweka juu ya udongo mbichi, na jembe akalilaza kando yake. Halafu akarudi mtaroni akaendelea kuchimba. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kuteremka kile kijia, na nadhani walijua kwamba ningeweza. Nilifungua kopo nikajipaka uso mzima, nikaingia mtaroni, nikachimba mpaka jua likatua.

Nilifunga saluni siku nne kila wiki nikachimba mashamba yote kumi na mawili. Kila asubuhi nilijipaka tena, na siku ya nane shavu langu la kulia liliwaka, likabambuka. Niliogopa, Mutheu. Sikujua uso wa mtu unaweza kuuma hivyo hata wakati wa kunywa maji. Aliyenipaka asali ni Mama Munyao mwenyewe, kwa kidole, na siku iliyofuata nikampaka yeye. Tulikwenda sote hospitali, na daktari wa kweli, asiye na koti lililopigwa pasi, akasoma maandishi madogo ya kopo akasema krimu ile ina zebaki, tuache leo, tuvae kofia. Mgeni mkubwa alipokuja kufungua tangi, aliwakuta kina mama wamejifunika nyuso wote, akatoa hotuba ndefu kusifu heshima ya wanawake wa Kilungu.

Kisha ikaja barua. Kiti changu kilikuwa tayari, bwana wa koti jeupe anasubiri picha za baada, na kama nina wasaidizi ninaruhusiwa kuja nao. Niliisoma mbele ya kikundi. Nilidhani wataichana. Mama Munyao aliniambia nirudie mstari wa mwisho.

"Wasaidizi wangapi?" akauliza.

Niliandika kumi na wawili. Nairobi wakajibu kwamba wamefurahi kuona biashara inakua Ukambani.

Basi tukaingia katika ile hoteli, wanawake kumi na watatu waliofunga vitambaa mpaka machoni, na msichana wa kucha nyekundu akampachika kila mmoja beji. Mama Munyao aliigeuza yake akauliza inafanya kazi gani. Nikamwambia inakuruhusu kula. Akasema ni kitu kizuri. Wao wakakaa mstari wa tatu, nami nikakaa meza ya mbele, kwenye kitambaa cheupe, kwenye kiti chenye jina langu. Kilikuwa kiti cha kawaida. Kilikuwa kinalegea mguu mmoja.

Bwana wa koti jeupe alionyesha ukutani picha za kabla, kubwa kama milango. Nyuso za Kilungu, mbele ya ukuta wa shule, nzuri, nyeusi, zimetulia. Nilizitazama nikaumia upya. Hazikuwa na kasoro yoyote. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ananihitaji.

"Na sasa," akasema, "mwakilishi wetu atatuonyesha picha za baada."

Nilisimama. "Picha sina," nikasema. "Nimewaleta wenyewe."

Nikafungua kitambaa changu. Nyuma yangu nilisikia viti vikisogea, na nilipogeuka walikuwa wamesimama wote kumi na wawili, vitambaa mkononi. Bwana yule alicheka kidogo, akatafuta kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwake, akasema huenda tulikosea vipimo, kina mama wa mashambani wana ngozi ngumu. Mama Munyao alipanda jukwaani polepole, mtu wa kupanda milima, akasimama mbele yake.

"Daktari," akasema, "onyesha mkono."

Hakuelewa. Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chetu cha huku bara: "Hii kitu unauza, umepaka wewe mwenyewe siku gani? Toa hiyo glavu, kunja koti. Onyesha mkono."

Bwana yule akageuka kutafuta ukumbini mtu wa kumwokoa. Aliyeinuka ni yule mama wa Nyeri, sambusa mkobani. "Onyesha, Daktari," akasema. Halafu mwingine wa Kisumu, halafu meza ya Mombasa, halafu ukumbi wote, bila kelele, kama watu wanaomkumbusha mtoto kunawa. Hakukunja. Alikusanya makopo yake, moja likaanguka likabingirika mpaka miguuni mwangu, akapita nyuma ya pazia.

Sisi tulibaki tukala. Beji zilikuwa zinaturuhusu. Mama Munyao alimaliza sahani mbili, akasema kuku ni sawa lakini pudini haijaiva.

Msidhani dunia ilibadilika. Mwaka mwingine niliiona ile krimu Emali, kopo la rangi ya waridi, jina jipya. Bwana yule nasikia alihamia dawa za kuku. Mimi sikualikwa tena kwa miaka kadhaa, na nilipoalikwa nilikaa nyuma, nikala kama kawaida, sijawa malaika. Nyuso za kina mama zilipona nyingi, polepole. Mama Munyao alibaki na baka chini ya jicho la kushoto. Mimi nina hili la shavuni, ambalo wewe huliita alama ya kuzaliwa, nami nikakuacha uliite hivyo.

Na tangu mwaka ule, hakuna mwanamke wa Kilungu aliyekaa kwenye kiti changu kabla ya kuniambia "Onyesha mkono." Umewasikia miaka yote hiyo. Ulidhani ni salamu za wazee. Nilikuwa nakunja, wanatazama madoa ya vitu nilivyorudi kuvipima, wanahesabu, wanavaa taulo. Habari za beji na pudini nimewasimulia mara mia, mkacheka. Hii sikuisimulia hata mara moja kwa sababu ya aibu, nikakuachia saluni na funguo na leseni ukutani, nikasahau kukuachia kitu chenyewe. Hilo ni kosa langu la pili, na nalisema wazi ili lisije likawa lako.

Kabla tu sijastaafu ulirudi kutoka maonyesho ya Nairobi. Mfuko wako ni mzuri kuliko yangu yote, na beji inakupendeza. Ile chupa ya kijani umeipanga rafu ya mbele, na ndiyo uliyotaka kumpaka Mama Munyao. Alikutazama mkono, akauona laini, mzima, hauna hata doa moja. Ni mkono mzuri sana, mwanangu. Hawezi kuuamini.

Sikumwomba akusamehe. Nilimwomba arudi, akasema atafikiria, na leo baada ya ibada amenijibu. Kwa hiyo fungua ile chupa. Leo ni Jumapili; una usiku wa leo, wa kesho na wa keshokutwa. Jumatano saa nne funga mlango, chukua ungo na ndengu, kaa nje juani mpaka saa sita, na anayetaka kucheka acheke. Alhamisi ni siku ya soko, na Mama Munyao atashuka.